Bei ya Mfa Maji

Mstari wa Oneksi umevuka nusu ya skrini. Wa Tarvo umegota robo, unajikokota kama mzee anayepandisha mlima na gunia mgongoni.

Hapo ndipo ulipofunga gazeti wiki iliyopita, msomaji wangu, ukamwacha Batuli peke yake mbele ya ukumbi uliojaa, simu zimeinuliwa juu kurekodi anavyoanguka.

Wewe uliyechelewa, sogea nikudokeze. Batuli Masudi ni binti wa Kondoa, mwenye duka la kompyuta pale Nzuguni. Kwenye kijiwe chao cha wapenda kompyuta, kinachorushwa mtandaoni kila Jumamosi, alitamka neno lililouchoma mji: kwamba prosesa mpya za kampuni ya Tarvo, zile chipu zinazoendesha kompyuta, zinafanya kazi karibu sawa na zile za Oneksi, kwa bei inayokaribia nusu.

Mzee Optatus, wakala wa Oneksi kwa kanda yote ya kati, hakulala. Akamwita hadharani. Kompyuta mbili za mezani ziletwe ukumbini Miyuji, moja ina chipu ya Oneksi, nyingine ina Tarvo ya Batuli. Zipewe kazi moja. Batuli akishindwa, afute video yake na aombe radhi mbele ya kamera.

Kazi yenyewe ilikuwa kuikamua video ndefu ya mahafali ya shule ya wasichana ya Bahi, iwe ndogo ya kutumwa kwa simu. Na mkuu wa shule hiyo, Mwalimu Tereza, alikuwa ameketi safu ya mbele. Alikuwa anatafuta kompyuta za maabara mpya.

Hapo ndipo palipouma. Kwa bei za Optatus, wasichana wa Bahi wangekaa watatu watatu kwenye kompyuta moja. Kwa bei ya Tarvo, kila mmoja angekaa na yake.

Jambo la mwisho, kisha twende. Mashine zote mbili ziliandaliwa na fundi wa Optatus, na Batuli alikubali bila kubisha. Kwa nini? Kwa sababu fundi huyo ni Habibu, kaka yake wa tumbo moja.

Haya. Mstari wa Tarvo, ule unaoonyesha kazi imefika wapi, umegota.

“Binti,” Mzee Optatus alisema akiwa amekunja nne kwenye kiti chake, “kamera ile pale. Anza kuomba radhi mapema, watu wana shughuli zao.”

Ukumbi ulicheka.

Hesabu zake Batuli alizifanya mwenyewe, dukani kwake, kwa chipu hiyo hiyo. Alirudia na kurudia mpaka akawa na uhakika. Leo imekuwaje?

Luka alimsogelea. Huyu ni rafiki yake wa kijiweni, afisa mipango wa ofisi moja ya serikali, mtu anayefuatilia hisa za kampuni za chipu kama wengine wanavyofuatilia msimamo wa ligi.

“Batuli, tukubali yaishe,” alinong'ona. “Tarvo yenyewe iko hoi. Wamepunguza wafanyakazi, wamefunga kiwanda. Usife kwa ajili ya kampuni inayokufa.”

“Sijafa bado.”

“Watu wanarekodi.”

“Waache warekodi vizuri.”

Alipiga hatua kuelekea mezani. Makasha ya kompyuta yalikuwa wazi ubavuni ili kila mtu aone vya ndani.

“Usiguse!” Optatus alifoka. “Masharti tuliwekeana. Mashine haiguswi na mtu ila fundi wangu.”

“Siigusi, mzee wangu. Naweka mkono karibu tu.”

Aliusogeza mkono kwenye mashine ya Oneksi. Joto likampiga kiganjani, feni yake inavuma kama upepo wa Julai. Akauhamisha mkono kwenye ile ya Tarvo.

Baridi.

Aliacha mkono pale, asiamini. Feni ilikuwa inazunguka kivivu. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi kama ya mtungi uliokaa kivulini.

Hapo akaelewa. Mtu akikwambia amelima tangu alfajiri, mshike mgongo. Ukiukuta mkavu, basi huyo hakulima.

“Mwalimu Tereza,” aliita kwa sauti ambayo hata yeye hakujua kama anayo. “Chipu hii haijashindwa kukimbia. Imefungwa miguu.”

Ukumbi ulilipuka. Mmoja alipiga mluzi. Mwingine akasema wanawake hawajui kushindwa. Anitha, mwanafunzi wa chuo anayependa kucheza magemu kuliko kula, alipanda juu ya kiti: “Mwacheni aseme! Mwacheni dada aseme!”

Batuli hakuwaangalia hao. Alimwangalia Habibu.

Habibu alikuwa amesimama nyuma ya meza, amevaa fulana ya bluu yenye jina la kampuni ya Optatus kifuani. Alikuwa anaangalia sakafu.

Kaka yake, aliyemfundisha kushika bisibisi akiwa bado na meno ya utotoni, alikuwa anaangalia sakafu!

“Maneno ya mfungwa,” Optatus alisema akisimama. “Akishindwa, kafungwa miguu. Akishinda, ana akili. Binti, omba radhi tuondoke.”

“Nitaomba radhi, mzee. Lakini kwanza tufungue mipangilio ya mashine tuone.”

“Huigusi!”

“Siigusi mimi. Ataigusa Mwalimu.”

Mwalimu Tereza alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena.

“Mimi?” alisema. “Mimi nafundisha jiografia, mwanangu.”

“Shikamoo tena, Mwalimu. Ndiyo maana nimekuomba wewe. Huuzi Oneksi, huuzi Tarvo.”

Optatus angemkataza vipi mteja aliyemleta yeye mwenyewe? Mwalimu Tereza alinyanyuka, akaenda mezani taratibu, akaketi kama anayekwenda kusahihisha madaftari.

“Niambie.”

“Izime. Iwashe tena. Ikianza tu, bonyeza kitufe cha kufuta, usikiachie.”

Skrini ilikuwa imeunganishwa na projekta, kwa hiyo kila mtu aliona ukutani kile alichokiona Mwalimu. Ukurasa wa kijivu ulijitokeza, umejaa maandishi madogo.

“Shuka mpaka penye umeme wa prosesa.”

“Hapa?”

“Hapo hapo. Tusomee.”

Mwalimu Tereza aliinama mbele. Alisoma kimoyomoyo kwanza, kisha akatafsiri kwa sauti ya darasani. “Panasema kikomo cha umeme. Halafu pameandikwa wati thelathini na tano. Na pembeni pameandikwa kwamba kimewekwa kwa mkono.”

“Luka,” Batuli alisema bila kugeuka, “kasha la chipu hiyo linasemaje?”

Luka alisita. Kisha akaliinua kasha la karatasi lililokuwa mezani. “Mia moja na ishirini.”

Hata wasiojua wati ni mdudu gani walielewa. Ni sawa na kumpa ng'ombe robo ya majani yake, halafu ukamlaumu hatoi maziwa.

“Hitilafu ya kiwandani!” Optatus alipaza sauti, na hapo nampa haki yake, mzee huyu ni mwepesi wa akili. “Mmeona wenyewe! Hiyo ndiyo kampuni mnayotetewa. Vitu vinatoka kiwandani vimeshaharibika!”

Vichwa vingine vilianza kutikisika kukubali. Batuli aliona ukumbi unaanza kumponyoka tena.

“Mwalimu, rudia neno la pembeni.”

“Kwa mkono.”

“Kiwanda hakina mkono ndani ya ukumbi huu.”

Mwalimu Tereza aligeuka kwenye kiti. Alikuwa ameshakamata watoto wengi wanaoibia mtihani, na macho yake yalikwenda moja kwa moja mahali panapostahili.

“Kijana, wewe ndiye uliyeziandaa mashine hizi?”

Habibu alijibu bila kuinua macho. “Mimi, Mwalimu.”

“Hiki kikomo umekiweka kwa bahati mbaya?”

“Habibu,” Optatus alisema kwa upole uliotisha kuliko kelele zake, “fikiri kabla hujajibu. Fikiria lile tawi la Singida nililokuahidi.”

Batuli hakujua habari za tawi lolote la Singida. Sasa alijua. Alijua na bei ambayo kaka yake alikuwa amenunuliwa.

Habibu aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Nimefikiri tangu jana, bosi. Sikulala.” Akamgeukia Mwalimu. “Niliweka makusudi. Niliagizwa.”

“Na nani?”

Habibu hakutaja jina. Aligeuza tu shingo, na ukumbi wote ukaifuata shingo ile mpaka ilipoishia.

“Mwongo!” Optatus alinguruma. “Ndugu wawili wamepanga kunichafua! Habibu, huna kazi! Kuanzia sasa hivi huna kazi!”

Habibu alishika pindo la fulana ya bluu, akaivua kichwani. Akaikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, akaiweka mezani mbele ya bosi wake. Akabaki na singlendi iliyotoboka ubavuni, mbele ya kamera zote zile.

“Asante kwa kazi, mzee,” alisema.

Sijui kama unaye kaka, msomaji. Ukiwa naye utaelewa. Batuli alitaka kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivua kikoti chake chepesi akamrushia.

“Jifunike. Tutaongea nyumbani.”

Kisha akamgeukia Mwalimu. “Rudisha mipangilio ya kawaida, Mwalimu. Tuanze upya.”

Mistari miwili ilianza tena kutambaa ukutani. Safari hii feni ya Tarvo ilinguruma mara moja, na watu wa safu ya mbele wakahisi joto likiwafikia miguuni.

Kelele zilihamia midomoni. Si unawajua wapenda kompyuta? Wakisubiri dakika, wanabishana kwa saa.

“Mimi nawaambia suala ni mazabodi, bodi kuu yenye soketi ya kuchomekea prosesa!” Anitha alipiga kelele. “Oneksi kila wakitoa chipu mpya wanabadilisha soketi. Ukitaka prosesa mpya, nunua na mazabodi mpya. Tarvo wamesema soketi hii watakaa nayo vizazi vitatu!”

“Wamesema,” Luka alijibu. “Watakuwepo kuitimiza ahadi? Kampuni imepata hasara robo mwaka baada ya robo mwaka. Wameshusha bei kwa sababu hawana njia nyingine.”

“Kwa hiyo Oneksi wanatuuzia laki nane kwa sababu wanatupenda?”

“Wanauza laki nane kwa sababu hakuna wa kuwabana!”

“Tarvo si ndiyo anawabana!”

“Tarvo akifa nani atawabana?”

“Basi tununue Tarvo asife!”

Watu waliangua kicheko, na hata Mwalimu Tereza akatabasamu. Lakini Batuli hakucheka. Macho yake yalikuwa ukutani. Mistari ilikuwa inakwenda sambamba kama reli. Nusu. Robo tatu. Oneksi ikatangulia kidogo. Tarvo ikaisogelea. Oneksi ikajivuta tena.

Ya kwanza kufika ilikuwa Oneksi.

“Imeshinda!” Optatus aliruka kutoka kwenye kiti kama si mtu wa umri wake. “Mmeona! Hata baada ya maigizo yenu yote, Oneksi imeshinda! Andika hiyo! Rekodi hiyo!”

Kabla hajamaliza kushusha mikono, mstari wa Tarvo nao ulikuwa umefika.

“Imeshinda,” Batuli alisema.

Optatus aliduwaa. Hakutegemea kukubaliwa.

“Imeshinda, na aliyerekodi arekodi. Video yangu ipo mtandaoni, nendeni mkaisikilize tena. Sikusema Tarvo itatangulia. Nilisema itakaribia, kwa karibu nusu ya bei. Mwalimu, umeliona pengo?”

“Nimeliona,” Mwalimu Tereza alisema. “Hata chai isingepoa.”

Hapo ukumbi ulisimama. Makofi yaliyopigwa yalizidi kelele za mnada wa Msalato. Anitha alikuwa analia na kucheka, na vijana wa nyuma waliokuwa wakizomea sasa walikuwa wanaimba jina la Batuli kana kwamba walikuwa upande wake tangu azaliwe.

Raha ile haikudumu.

“Jamani,” Luka alisema.

Hakuna aliyemsikia. Alipanda juu ya kiti, simu mkononi.

“Jamani! Tarvo wametangaza sasa hivi. Bodi imekubali. Kampuni inauzwa.”

Kila mtu aliitafuta simu yake. Makofi yalikatika, na ukumbi ukabaki na mwanga wa skrini kwenye nyuso. Ilikuwa kweli. Kampuni ya Tarvo, iliyotengeneza chipu iliyokuwa bado moto pale mezani, ilikuwa inatafuta mnunuzi. Hisa zake zilikuwa zimeporomoka vibaya.

Mzee Optatus alisoma habari hiyo mwenyewe, taratibu, akiilamba kama asali ya Kondoa. Alipoinua uso alikuwa amekuwa mtu mwingine.

“Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa,” alisema. “Bei mnayoishangilia ndiyo hiyo, bei ya mfa maji. Mwalimu, wewe ni mtu mzima. Utawapelekea wasichana wako maiti?”

Mwalimu Tereza alimtazama Batuli, na katika macho yake Batuli aliona shaka ya kweli, ya mtu anayebeba watoto wa watu mgongoni.

“Anasema kweli, mwanangu?”

Ilikuwa rahisi kukana. Ilikuwa rahisi kusema habari za mtandaoni ni uzushi, watu wangemwamini kwa jinsi walivyokuwa wamempenda dakika ile. Batuli alivuta pumzi.

“Ya kampuni anasema kweli. Tarvo inaweza kufa. Inaweza kununuliwa na mtu atakayepandisha bei kesho asubuhi. Mimi si nabii.”

“Haya, kakiri!” Optatus alisema.

“Sijamaliza, mzee.” Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuinamisha macho mbele ya mtu aliyemzidi umri. “Anayetapatapa ni mtu aliye hai. Wewe hujawahi kumwona maiti anatapatapa. Na baba yangu Masudi ana mashine ya kukamulia alizeti kule Kondoa. Kiwanda kilichoitengeneza kilifungwa kabla sijazaliwa. Hakuna hata anayejua kilikuwa nchi gani. Lakini mashine inakamua mpaka leo, na mafuta yake ndiyo yaliyonisomesha mimi na huyu hapa.” Alimwonyesha Habibu kwa kidevu. “Mashine haiulizi habari za hisa. Inauliza kama kuna fundi.”

“Na ikiharibika?” Mwalimu aliuliza. “Baba yako ana mashine moja. Mimi nina darasa.”

“Ikiharibika naibadilisha mimi, kwa chipu ya kwangu. Mwalimu, sikwambii uiamini Tarvo. Tarvo hawajui hata Bahi iko wapi. Nakwambia uniamini mimi. Nipo Nzuguni, mlango wangu unajulikana, na nikikimbia utanikuta kwa mama yangu.”

Mtu mmoja nyuma alisema, “Aisee.”

Mwalimu Tereza alisimama, akajifunga kitenge vizuri.

“Nimesikia maneno mengi leo,” alisema. “Ya Mzee Optatus siyanunui, kwa hiki alichokifanya. Lakini na yako, binti, siwezi kuyapeleka kwenye bodi ya shule yakiwa maneno matupu. Jumatatu wajumbe wanakuja. Nataka wakiingia maabara wakute kompyuta za darasa zima zimewaka, na msichana mbele ya kila moja. Zikiwaka, kazi ni yako. Zisipowaka, nitatafuta mtu mwingine, na asiwe yeyote kati yenu wawili. Utaweza?”

Kesho ilikuwa Jumapili.

“Nitaweza,” Batuli alisema.

Optatus alipita karibu naye akitoka. Hakupaza sauti.

“Kuweza si mdomo, binti. Tuone utawasha nini.”

Batuli alicheka. Makasha, mazabodi, feni, vyote vilikuwa vimeshajaa dukani kwake. Kilichobaki ni prosesa zenyewe, na hizo alikuwa ameshazilipia. Mzigo ulipakiwa Dar kwenye basi la usiku, ulifika Dodoma asubuhi. Kazi ilikuwa kuufuata tu kwenye ofisi ya vifurushi pale stendi ya Nanenane.

“Twende na gari langu,” Luka alisema. “Nimekosea leo kukwambia ukubali. Acha nijisafishe.”

Waliondoka watatu. Luka usukani, Batuli pembeni yake, Habibu nyuma amejikunja ndani ya kikoti cha dada yake kilichombana mabegani. Vumbi la saa kumi lilikuwa linakimbia barabarani. Walilipita jengo la mwisho la Miyuji.

“Mdogo wangu,” Habibu alisema kutoka nyuma.

“Nyumbani, nimesema.”

“Kuna jambo jingine.”

“Habibu, nikikusikiliza sasa hivi nitalia, na leo sitaki kulia. Nyumbani.”

Laiti angemsikiliza! Mtu ukishashinda moja hutaka kupumua kwanza, na hapo ndipo dunia inapokuwahi.

Stendi ilikuwa imechangamka. Luka alibaki garini akisema atageuza mbele. Batuli alikatiza kati ya abiria na mizigo, Habibu nyuma yake kama kivuli, akaingia ofisi ya vifurushi. Ilikuwa chumba kidogo chenye kaunta ya mbao, maboksi mpaka darini.

Dada wa kaunta aliinua kichwa. Akatabasamu. Lakini tabasamu lake lilimpita Batuli juu ya bega.

“Kaka, umerudi tena?” alisema kwa uchangamfu. “Mbona ule mzigo wa asubuhi ulikuwa kamili? Umesahau nini?”

Batuli hakugeuka mara moja.

“Mzigo gani, dada?” aliuliza taratibu.

“Ule wa Batuli Masudi, wa kutoka Dar. Kaka yake huyu si ndiye aliyeuchukua? Alinionyesha kitambulisho, jina la baba ni moja, nikampa.”

Batuli alirudi nyuma, akausukuma mlango mpaka ukajifunga, akauegemea kwa mgongo. Abiria mmoja aliyekuwa anataka kuingia alibaki nje akigonga.

“Kaka,” alisema. “Ulivua fulana mbele ya watu. Ulinifanya nijisikie nina ndugu. Sasa hapa hatoki mtu mpaka useme.”

Habibu alirudi nyuma mpaka akagota kaunta. “Nilitaka kukwambia garini.”

“Mzigo wangu uko wapi? Kwa Optatus?”

“Optatus hajui kama nimeuchukua.”

“Habibu!”

“Alisema utakuwa salama kwake. Alisema Tarvo ikitangazwa kuuzwa, chipu zilizopo sokoni zitapanda bei kabla hazijaisha, na yeye aliijua tarehe, alikuwa anasubiri tu. Alisema angekulipa fidia baadaye na ungemshukuru. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi, mdogo wangu, nikaona bora niwe na pesa pembeni, zile alizoniahidi…”

“Nani? Nani alisema?”

Habibu alifumba macho.

“Luka.”

Nje, gari liliwashwa. Batuli aliufungua mlango kwa nguvu, akamkumba abiria aliyekuwa anagonga, akatoka mbio kwenye jua. Aliwahi kuona mgongo tu wa kigari cheupe cha Luka kikikata kona ya lango la stendi, vumbi likifunga nyuma yake.

Wapiga debe walimkodolea macho. Mama mmoja mwenye beseni la zabibu alimuuliza kama ameibiwa.

“Nimeibiwa, mama,” Batuli alisema. “Ila nimemjua mwizi.”

Hakukaa chini. Hakulia. Alitoa simu, akafungua ukurasa wa kijiwe, ule ule uliokuwa umerusha mashindano ya Miyuji mchana kutwa, watu wakiwa bado wamejazana humo wakibishana bei na hisa. Akabonyeza kitufe cha kurusha mubashara, akaigeuza kamera usoni kwake, vumbi na jasho na yote.

“Wapenda kompyuta wa Dodoma,” alisema, “ni Batuli. Leo mmenipigia makofi. Makofi siyataki tena, nataka macho yenu. Luka ametoka stendi ya Nanenane sasa hivi na gari lake jeupe mnalolijua. Prosesa za wasichana wa Bahi ziko kwake. Anataka kuziuza kwa bei ya msiba. Sitamwacha. Hata akizipeleka mpaka Singida, Jumatatu maabara ile itawaka. Aliye Nzuguni, aliye Ipagala, aliye barabara kuu, toka nje uangalie. Ukiliona gari, andika.”

Majina yalianza kumiminika kwenye skrini. Nimetoka. Nipo njia panda. Tupo na bodaboda. Twende dada.

Habibu alikuwa amesimama kando yake, kikoti kimempasuka begani.

Kisha jina la Anitha likajitokeza, na chini yake maneno ambayo Batuli aliyasoma, akayarudia:

“Dada, nimeshuka bodaboda Nzuguni, gari naliona. Limesimama mbele ya duka lako. Mlango wa duka uko wazi, na ndani kuna moshi.”